Kondoo Niliyemrudisha Joshoni

Wacha niutoe upuzi wangu mwenyewe, kabla mtu mwingine hajawaambia na kuongeza chumvi. Nikiwa na miaka kumi na moja nilimkokota kondoo jike kwa sikio, akiwa bado anachuruzika dawa ya kupe, nikamfikisha mbele ya mtu aliyenipa kondoo huyo na wanaume wengine waliokuwa wamesimama kando ya josho, nikasema kwa sauti ya msomaji wa habari: "Chukua kondoo wako. Mama yangu haolewi kwa kondoo mmoja."

Halafu nikangoja wacheke. Mnaosoma na mimi mnanijua. Mimi nimemchekesha hata mwalimu wa zamu akiwa ameshika fimbo. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kondoo ndiye peke yake aliyetoa sauti. Alipiga chafya.

Jambo hili nilikuwa nimeliweka mahali fulani na kulisahau, au nilidhani nimelisahau, mpaka likizo hii. Kanisani wametupa sisi wakubwa kila mmoja mtoto wa kukaa naye Jumamosi. Wangu ana miaka minane. Katika Jumamosi tatu aliniambia maneno manne. Namtupia vichekesho vyangu vile vizuri kabisa, vile naweka vya wageni, na yeye ananiangalia kama mtu anayesoma bili ya stima. Jumamosi iliyopita akaja amebeba mtoto wa mbwa ambaye ametoka kuoshwa na dawa ya kupe. Ile harufu ikanipata kabla sijamwona mbwa. Ni harufu chungu, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na rangi ya viatu, na inakwama nyuma ya ulimi hata ukimeza mate. Yule mtoto akaniuliza, "Wewe ulikuwa na menta?" Hapo hesabu ikafika maneno manane. Nikamwambia ndio. Akataka kujua alikuwa nani. Nikasema nitamwambia siku nyingine. Kwa hivyo nyinyi nawaambia kwanza, kama mazoezi.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba chochote chenye mwenyewe: mchanga, nyasi kavu wakati wa kiangazi, ng'ombe na kondoo wa kwenda sokoni. Nyumbani tulimjua zaidi kwa mlio wa breki zake kuliko kwa sura. Aliingia hospitali Jumatatu akitembea kwa miguu yake, akaniambia nisiguse redio yake, na Ijumaa ya wiki iliyofuata tukaambiwa twende kuchukua nguo. Tulimzika Ukambani, kwetu. Sikulia. Watu wakasema, huyu kijana ni jasiri, atamsaidia mama. Sikuwa jasiri. Unajua ukikalia mguu kwenye benchi ya kanisa mpaka unalala, unaugusa na ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine? Ganzi. Sasa chukua huo mguu uufanye mtu mzima. Nilikula, nikaenda shule, nikapiga kelele darasani, nikaandikwa kwa orodha ya wapiga kelele, yote kama mguu wa mtu mwingine.

Tulirudi Kitengela, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mama alikuwa akishona, hasa sare za shule. Cherehani yake ilikaa mlangoni ipate mwanga, na ilianza kulia kabla sijaamka. Shati za baba alizikunja akazifungia kabatini, na jina lake akalifungia humo humo. Hakuna aliyesema tusilitaje. Hatukulitaja tu. Hatukuwa watu wa kuulizana maswali.

Kanisa letu lilikuwa na mpango wake: mtoto aliyefiwa na mzazi anapewa mtu mzima wa kujitolea, ndiye menta, wa kukaa naye Jumamosi kwa mwaka mmoja. Haukuwa na mshahara wala posho, ni kujitolea tu. Siku ya kupangana, majina yetu yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kwenye kikapu cha sadaka, na wale watu wazima wakapita mmoja mmoja wakiokota. Sisi watoto tulikuwa tumepangwa kwenye benchi kama nyanya za kuuzwa. Zamu ya mtu mmoja mrefu ikafika, ana koti la kijani na viatu vya matairi. Hakuingiza mkono kwenye kikapu. Alininyooshea kidevu, akasema, "Mimi ni huyu."

Mwalimu wa Sunday school akamwambia, "Lakini tunaokota, ndugu Lemayian."

"Wengine waokote. Mimi ni huyu."

Mama alikuwa nyuma, karibu na mlango. Nilimwona akiitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayekubali bei.

Lemayian akaja mbele yangu, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha hapo. Sasa mimi ni mtoto wa Kitengela lakini ni Mkamba wa nyumba za kupanga, nimekua katikati ya Wamaasai bila kukaa nao. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto wa Kimaasai akimsalimia mtu mzima huinamisha kichwa aguswe. Nilijua tu kwamba mtu mzima akikushika kichwa anatafuta chawa.

"Nilinyolewa juzi," nikamwambia.

"Nimeona," akasema.

Siku za wiki aliuza dawa za mifugo kwenye duka moja hapo mjini. Jumamosi alinichukua kwa pikipiki, tukashika barabara ya Kajiado, tukapita Isinya, tukakata kushoto kwa njia ya vumbi mpaka kwake. Alikuwa na mke mwenye sauti kubwa aliyenipa chai ya maziwa matupu na kuniambia mimi ni mwembamba kama mwanzi. Nilifurahia kutukanwa. Kwetu hata matusi yalikuwa yameisha.

Hakunifundisha vitu nilivyotarajia. Nilidhani menta ni mtu wa kukuuliza ukikua unataka kuwa nani. Nilikuwa hata nimetayarisha jibu, nitasema rubani. Hakuuliza. Alinipa fimbo, tukatembea nyuma ya kondoo saa nzima bila kusema lolote. Jioni ya kwanza wakiingia zizini nikajitia kusaidia, nikanyoosha kidole: "Moja, mbili, tatu..." Akakishusha kidole changu polepole kama mtu anayeshusha kifuniko cha sufuria.

"Usihesabu."

"Sasa utajuaje wamefika wote?"

"Waangalie nyuso. Usiulize ni wangapi. Uliza ni nani hayuko."

Nikamwambia wote wana uso mmoja, uso wa kondoo. Akasema hata yeye akija shuleni kwetu ataona hivyo hivyo. Ilinichukua Jumamosi nyingi. Lakini siku moja, jua likiwa limeinama, walipita mlangoni wakisukumana na mimi nikasema bila kufikiria, "Yule wa sikio lililokunjika hayuko." Akanitazama. Tukarudi nyuma, tukamkuta amenasa mguu kwenye mti wa miiba. Njiani tukirudi nilikuwa nimembeba shingoni, ananikojolea mgongoni, na nikasikia kitu. Mguu uliolala ukianza kuamka hauamki kwa raha. Unachoma kama sindano. Ilikuwa hivyo, kifuani. Niliogopa, nikaanza kusema vichekesho mpaka tukafika.

Jumamosi iliyofuata alimtoa huyo huyo wa sikio lililokunjika, jike, kichwa cheusi na mwili mweupe, akanipa kamba yake mkononi.

"Huyu ni wako. Atakaa hapa kwa sababu nyinyi mnalala kwenye vyumba vya mabati." Halafu akasema, "Kuanzia leo mimi sikuiti jina lako, na wewe huniiti Uncle. Mimi ni Paker, na wewe ni Paker."

Mke wake ndiye aliyenieleza. Wamaasai wakipeana mnyama, jina la kila mmoja linaisha hapo, wanaanza kuitana kwa kile kilichopita kati yao. Wa kondoo huitana Paker, mpaka kufa. Ni kitu kikubwa, akasema, usikibebe kama mkate. Mimi nikasema sawa. Lemayian akaongeza jambo moja akiwa anafunga zizi.

"Ukifika nyumbani muulize mama yako, nyanya ya huyu kondoo alitoka wapi."

Sikuuliza. Nimesema hatukuwa watu wa kuulizana maswali. Isitoshe, nani anauliza mambo ya nyanya wa kondoo?

Nilichofanya ni kujivuna kwa wapangaji wa plot nzima kwamba nina mifugo. Na hapo ndipo Mama Brayo akaingia. Mama Brayo alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mtu wa kuleta suruali moja kupunguzwa na kukaa masaa mawili. Mimi nilikuwa chini ya meza nikifanya homework.

"Mama, siku hizi kuna pikipiki inajua hii geti vizuri sana," akasema.

"Ni wa kanisa," mama akajibu, pini mdomoni.

"Wa kanisa na analeta maziwa?"

"Maziwa ni ya mtoto."

"Na kondoo pia ni ya mtoto?" Akacheka ile ya puani. "Eh, wewe shona tu. Mwanaume akileta mnyama kwa nyumba ya mjane, hapo ameanza kuongea. Utashtukia wazee wako hapa mlangoni na blanketi nyekundu ya posa."

Mama hakusema ndio, hakusema hapana. Alikanyaga cherehani. Kama angetukana, kama angesema hata "achana na mimi", leo hii ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini mama naye alikuwa na ganzi yake, na mimi chini ya meza nikausoma huo ukimya vibaya. Nikaanza kujumlisha. Lemayian alinichagua bila kuokota karatasi. Mama aliitikia kwa kichwa. Maziwa kila wiki. Suruali zake mbili mama alizishona na hakumwandikia risiti. Hata yule mke wake mwenye sauti kubwa sikumwona kama kizuizi. Nilikuwa nimeona kwenye vipindi vya televisheni, wanaume wana nafasi ya mke wa pili.

Sasa nyinyi mtasema, si ungemuuliza tu mama. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona jinsi mambo haya yanavyomalizwa. Mwaka mmoja kabla, aunty yangu alichoka na ndoa yake. Hakukuwa na kelele wala mahakama. Wajomba walichukua mbuzi wa mahari wakawarudisha kule walikotoka, mbuzi wakapokelewa, ndoa ikaisha. Kwetu ni hivyo: mnyama akirudi, maneno yote yaliyokuja naye yanarudi. Niliona ni rahisi. Baba hayupo, wajomba wako mbali, mwanaume wa nyumba ni mimi. Nitarudisha kondoo, na mama atabaki wa baba.

Hivyo ndivyo nilivyofika joshoni. Ilikuwa Jumamosi ya kuogesha, na boma za karibu zilikuwa zimeleta mifugo yao. Kondoo walirukishwa ndani ya lile shimo refu la dawa, wakazama mpaka pua, wakatokea upande wa pili wamekasirika na wananuka. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye njia ya kutokea na kuhakikisha hakuna anayerudi nyuma. Wanaume walikuwa wamesimama pamoja wakiongea Kimaa, Lemayian katikati yao. Wakati mmoja aliwaonyesha mimi kwa kidevu, akasema kitu chenye neno Paker ndani, wakaguna kwa heshima. Nikajua sasa anawatangazia. Wangu akatokea. Nikamshika sikio, lile lililokunjika.

Maneno mnayajua.

Mzee mmoja hakuelewa Kiswahili changu, akauliza, na mwingine akamtafsiria kwa sauti ya chini. Mzee akageuza uso akatazama mbuga. Lemayian alikuwa ameshika brashi ya dawa. Aliiweka chini kwanza.

"Unamrudisha?"

"Ndio."

"Wewe mwenyewe, hujatumwa?"

"Sijatumwa."

"Nakuuliza mara ya tatu. Unamrudisha?"

Nataka kuwaambia kwamba hapo nilijua. Sio kwamba nilielewa, lakini nilijua, vile unajua glasi imeshatoka mkononi. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyenyimwa mke. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu, na kichekesho changu kilikuwa bado kinaning'inia hewani bila mtu wa kukicheka, na mtu wa vichekesho harudi nyuma. Nikasema, "Ndio."

"Haya," akasema. Akapokea sikio kutoka mkononi mwangu. Kondoo akaenda naye bila taabu, anamjua.

Mngependa niseme alinifukuza. Ingekuwa nafuu. Alinirudisha nyumbani kwa pikipiki kama kawaida, mwendo ule ule, akasimama kwenye geti, akaweka kiganja juu ya kichwa changu. Kisha akaniaga kwa jina langu la rejista, lile la walimu.

Na Jumamosi iliyofuata alikuja. Na iliyofuata. Alikuwa amejitolea mwaka mzima na hakupunguza hata siku moja. Chai ya maziwa ilikuwepo, fimbo ilikuwepo. Mke wake alipunguza matusi tu. Nilijaribu mara moja. Nilishuka kwenye pikipiki nikainamisha kichwa vizuri, nikasema, "Supa, Paker."

"Ipa," akajibu, akaendelea kukaza kamba ya zizi. Alijibu salamu. Jina hakulipokea. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hata angetaka asingeweza, jina hilo halirudi kwa mdomo, lazima mnyama apite mkononi.

Siku moja nikauliza, "Yule wa sikio yuko?"

"Yuko. Amezaa."

"Amezaa nini?"

"Jike."

"Naweza kumwona?"

"Unaweza kumwona," akasema, kama vile angemwambia mgeni yeyote. Nikaenda nikamwona. Ana kichwa cheusi. Nikamwangalia uso vizuri ili nimjue kesho na kesho kutwa. Nilingoja kifua kichome. Hakikuchoma. Ganzi ilikuwa imerudi mahali pake, imekunja miguu, imetulia. Ndivyo mwaka ulivyoisha, na sina kingine cha kusema juu yake. Nilijua majina ya magonjwa sita ya kondoo. Nilijua kuangalia zizi na kuona ni nani hayuko.

Siku ya kufunga mpango tulikuwa kanisani, soda na mandazi, na kila menta anasimama na mtoto wake kupigwa picha. Mama alikuja na leso yake nzuri. Lemayian alimsalimia kwa heshima kama shemeji, wakaulizana hali ya mvua. Akanigusa kichwa, akaniita kwa lile jina la rejista, akaniambia nisome kwa bidii. Halafu akawasha pikipiki. Mwaka uliofuata alihamia duka lingine, Kajiado mjini, na tangu hapo nimemwona mara mbili tu, kwa mbali, sokoni.

Tulifika nyumbani, mama akafungua mlango, akachukua ndoo na kitambaa, akaanza kupiga deki sakafu ambayo alikuwa ameipiga asubuhi. Mimi nilibaki mlangoni, kando ya cherehani. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Kwani siku hizi Lemayian anakuita jina?"

Nikamwambia yote. Chini ya meza, Mama Brayo, maziwa, mbuzi wa aunty, josho. Nilimwambia mpaka ile sauti ya msomaji wa habari, nikaiigiza, nikidhani atacheka hata kidogo. Kitambaa kilisimama. Alikaa amepiga magoti, maji yakichuruzika kati ya vidole vyake. Nikaingiza mguu mmoja ndani niende kwake. Akaanza tena kusugua, mahali pale pale, akasema:

"Nyanya ya huyo kondoo, ni baba yako alimshusha kwa lori akampea Lemayian, ndio wakaanza kuitana Paker. Sasa toa hivyo viatu, nimepiga deki."